Kujifunza Kikorea peke yako kwa kitabu, ukiwa Kisumu au Nakuru: mwongozo kamili

Vitabu vingi vya Kikorea vinavyotufikia huku vimeandikwa kwa Kiingereza, vikimlenga mtu aliyelelewa kwa Kiingereza. Lijue hilo kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Mwandishi anapomwonya msomaji kwamba jambo fulani ni geni na litamsumbua, anamwonya mtu wa London au Chicago. Wewe wa Kondele au Lanet umebandika viambishi kwenye vitenzi tangu utotoni, unatamka ng' bila taabu, na jirani yako unamwita Mama Akinyi bila hata kukumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Mambo hayo yote yamo ndani ya Kikorea. Kwa hiyo kitabu utakisoma kwa Kiingereza kwa kuwa ndivyo kilivyo, lakini maelezo utayahamishia kwenye Kiswahili, pambizoni, kwa penseli, somo baada ya somo. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kufanya hivyo.

Kazi ipo, tena nyingi. Idara ya Marekani inayowafunza wanadiplomasia lugha imekiweka Kikorea katika kundi la lugha zinazomchukua msemaji wa Kiingereza muda mrefu kuliko zote, takriban saa 2,200 za darasani hadi aweze kukitumia kikazi. Kitabu kimoja cha kuanzia hakikufikishi huko. Kinakufikisha mahali unapoweza kusoma maandishi yoyote kwa sauti, kujitambulisha, kununua kitu, kueleza ulichofanya jana na unachokusudia kufanya kesho. Kwa saa moja kila siku, jipe miezi sita hadi minane kwa kitabu hicho.

Kuchagua kitabu

Tafuta kimoja na ukae nacho. Anayefungua vitatu kwa pamoja husoma salamu mara tatu na wakati uliopita hafiki.

Kitabu cha kujisomea lazima kiwe na mambo manne: sauti zilizorekodiwa, majibu ya mazoezi mwishoni, maelezo ya sarufi yanayojitosheleza, na Hangul, yaani herufi za Kikorea, kuanzia somo la kwanza hadi la mwisho. Fungua katikati. Ukiona kila sentensi ya Kikorea imeandikiwa chini yake kwa herufi za Kilatini, kirudishe. Jicho lako litakimbilia herufi unazozijua na Hangul haitakuingia kamwe. Jihadhari pia na vile vilivyotungwa kwa ajili ya madarasa ya vyuo vya Korea. Ni vizuri sana, lakini vingi vimeandikwa kwa Kikorea kitupu na vinamtegemea mwalimu aeleze kilichoachwa.

Maduka ya vitabu ya Kisumu na Nakuru yanauza zaidi vitabu vya shule, kwa hiyo huenda ukalazimika kuagiza kutoka Nairobi au mtandaoni. Ukinunua nakala ya kielektroniki, usiisomee kwenye simu ndogo. Konsonanti zinazokaa chini ya silabi huonekana kama vidoa, na utachanganya ㅎ na ㅊ hadi ukate tamaa. Taasisi ya King Sejong, ambayo ndiyo chombo cha Korea Kusini cha kueneza lugha hiyo ulimwenguni, ina masomo ya bure mtandaoni yanayoweza kukusaidia wakati unasubiri kitabu.

Nunua pia daftari la hesabu, lile la miraba. Kila silabi ya Kikorea hujaza mraba mmoja, na mwandiko wako utanyooka tangu wiki ya kwanza.

Wiki mbili za Hangul

Herufi hizi zilibuniwa mwaka 1443 wakati wa utawala wa Mfalme Sejong na kutangazwa rasmi mwaka 1446, ili watu wa kawaida wasioweza kusoma herufi za Kichina wapate kuandika lugha yao. Waraka ulioeleza herufi hizo ulisema mwenye akili atazijua kabla asubuhi haijaisha, na hata asiye mwerevu atazijua kwa siku kumi. Ni kweli kabisa kwa upande wa kuzitambua. Kuzisoma kwa kasi ndiko kunakohitaji wiki mbili.

Konsonanti za msingi ni 14 na irabu za msingi ni 10. Ukiongeza zilizorudufishwa na zilizounganishwa, unapata konsonanti 19 na irabu 21. Usizikariri kwa mfuatano kama wimbo. Zishike kwa umbo, kwa sababu maumbo yana maana. ㄱ ni mgongo wa ulimi ulioinuka kuziba koo unapotamka k. ㄴ ni ncha ya ulimi iliyogusa ufizi wa juu unapotamka n. ㅁ ni kinywa, ㅅ ni jino, ㅇ ni koo. Ukiongeza mstari, pumzi inaongezeka: ㄱ inakuwa ㅋ, ㄷ inakuwa ㅌ, ㅈ inakuwa ㅊ. Irabu nazo zimejengwa kwa mstari uliosimama ㅣ, mstari uliolala ㅡ, na kijistari kinachokaa upande mmoja au mwingine.

Silabi hujengwa kwa kukusanya herufi katika mraba. ㅅ na ㅏ na ㄴ huwa 산, "san", yaani mlima. Silabi inayoanza kwa irabu huwekewa ㅇ mbele, na hapo ㅇ haina sauti yoyote. Ikikaa chini, ㅇ hiyo hiyo hutamkwa ng'.

Zoezi la kwanza liwe majina. Kenya ni 케냐, Kisumu ni 키수무, Nakuru ni 나쿠루. Ochieng' ni 오치엥, na tazama jinsi ng' ya mwisho inavyokaa mahali pake bila kulazimishwa. Wanjiku ni 완지쿠. Nafula ni 나풀라, kwa kuwa Kikorea hakina f na huazima ㅍ badala yake. Andika majina ya watu wa nyumbani kwenu wote, kisha ya vituo vya matatu unavyopita. Baada ya hapo soma maneno ambayo Kikorea na Kiswahili vyote vimeyaokota Ulaya: 라디오, 버스, 택시, 카메라, 컴퓨터. Ukiweza kuyatamka utayaelewa papo hapo, na utajua kuwa kusoma kumeanza.

Sauti: palipo rahisi na palipo na mtego

Irabu tano za Kiswahili zipo zote: ㅏ ㅔ ㅣ ㅗ ㅜ ni a, e, i, o, u. Zinabaki mbili za kushughulikia. ㅡ ni u inayotamkwa huku midomo imetandazwa kama ya kutamka i. ㅓ ni o iliyo wazi zaidi, midomo ikiwa haijaviringwa. Ukikulia kwenye Kikuyu, kwa ㅓ huna cha kuhangaikia: ũ ya mũndũ iko karibu sana na ㅗ, na o ya kawaida ya Kikuyu iko karibu na ㅓ. Dholuo pia ina o za aina mbili, ingawa haizitofautishi katika maandishi. Tumia sikio ulilonalo tayari. Ukifuata kitabu na kuandika "eo" kwa ㅓ, utaisoma kwa Kiswahili kuwa irabu mbili, na mji wa 서울 (Seoul) utakuwa na silabi nne kinywani mwako badala ya mbili.

Kazi kubwa iko kwenye konsonanti tatu-tatu: ㄷ ya kawaida, ㅌ yenye pumzi, ㄸ iliyokazwa. 달 ni mwezi wa angani, 탈 ni kinyago, 딸 ni binti. Shika kipande cha karatasi nyembamba mbele ya midomo. Kwa ㅌ kinapepea sana, kwa ㄸ hakitikisiki. Vitabu vingi huishia hapo, lakini kuna jambo kubwa zaidi. Katika matamshi ya Seoul ya siku hizi, neno linaloanza kwa konsonanti ya kawaida huanza kwa sauti ya chini, na linaloanza kwa yenye pumzi au iliyokazwa huanza kwa sauti ya juu. Msemaji wa Dholuo au Kikuyu amezoea kutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Sikiliza 달 na 탈 ukiwa na sikio hilo, na tofauti ambayo Mwingereza huitafuta kwa miezi utaisikia mapema.

Mtego wetu ni mwisho wa silabi. Kiswahili hupenda neno liishie kwa irabu, na ulimi utataka kuiongeza pasipo kuulizwa. 책, kitabu, itakuwa "cheku". 밥, wali au chakula, itageuka "babu". Funga mdomo na uuache umefungwa. Katika 밥 midomo inakutana na haiachani, na katika 책 sauti inakatikia kooni. Mwisho wa silabi ya Kikorea una sauti saba tu, k, n, t, l, m, p na ng', hata kama herufi iliyoandikwa ni nyingine. Ndiyo maana 옷, nguo, husikika "ot" na 꽃, ua, husikika "kot" yenye k iliyokazwa. Irabu ikifuata, konsonanti hiyo inahamia mbele na kurudia sauti yake: 옷이 hutamkwa "oshi". Na p ikikutana na n huwa m, ndiyo sababu 감사합니다, asante, husikika "kamsahamnida". Sheria hizi huwa kwenye kurasa za mwanzo za kitabu na wengi huziruka. Zisome mara moja kwa makini, kisha uzirudie kila zinapokukwaza kwenye sauti. Hazikaririki kabla ya kukutana nazo.

Somo moja, kutoka mwanzo hadi mwisho

Hapa ndipo pa kuweka nguvu. Tuseme umefika kwenye mazungumzo ya namna hii, 가 na 나 za mwanzo wa mstari zikiwa alama za wazungumzaji wawili:

가: 어디에 가요?
나: 시장에 가요.
가: 시장에서 뭐 사요?
나: 생선을 사요.

Siku ya kwanza funga kitabu na usikilize sauti mara tatu. Andika chochote ulichokisikia, hata kama ni silabi mbili. Kisha fungua, sikiliza tena ukifuata kwa kidole, na uweke alama ya upinde kila mahali sauti zinapoungana. 시장에서 inasikika "shijang'eso", kwa maana ng' inabaki ng' na ㅅ mbele ya i huwa sh. 생선을 inaungana, n ikihamia silabi ya mwisho.

Siku ya pili fanya kazi ya pambizoni. Andika Kiswahili chini ya kila neno kwa mpangilio wa Kikorea ulivyo, bila kuupamba:

wapi-ni — enda
soko-ni — enda
soko-ni — nini — nunua
samaki + alama ya shamirisho — nunua

Tazama ulichokiandika. Kiambishi 에 kimekaa mwisho wa nomino kama -ni yetu inavyokaa. Kitabu kimetumia nusu ukurasa kumweleza Mwingereza kwamba kihusishi chake lazima kihame kutoka mbele ya nomino kwenda nyuma. Wewe umeshasema sokoni, nyumbani na mjini maisha yako yote. Unachotakiwa kujifunza ni kwamba Kikorea kinaigawa -ni hiyo mara mbili: 에 ni ya mahali unapokwenda au ulipo, 에서 ni ya mahali ambapo tendo linafanyika. Naenda sokoni, 시장에. Nanunua sokoni, 시장에서. Hilo ndilo la kuandikwa kwa herufi kubwa pambizoni, kwa sababu ndipo Mswahili atakapokosea na kitabu hakitamwonya.

Siku ya tatu ni imla. Cheza sauti, simamisha, andika kwenye daftari la miraba bila kutazama kitabu. Sahihisha kwa kalamu nyekundu. Hakuna zoezi linalofichua udhaifu upesi kama hili, na watoto wa shule za msingi Korea hulifanya pia.

Siku ya nne badilisha maneno. Ondoa 시장, weka 학교 (shule), 병원 (hospitali), 도서관 (maktaba). Ondoa 생선, weka 쌀 (mchele) au 토마토 (nyanya). Kisha lilete somo mjini kwenu: 키부예 시장에 가요, naenda soko la Kibuye. Ukiwa Dunga: 하마가 있어요, kuna kiboko. Ukiwa Nakuru, jifunze 호수, ziwa, na 홍학, heroe, ingawa hakuna kitabu cha kuanzia kitakachokufundisha neno hilo la pili. Sentensi inayohusu mahali unapopajua kwa miguu yako hukaa kichwani kuliko ile ya bustani ya Seoul ambayo hujaiona.

Siku ya tano zungumza na simu. Weka kibodi ya Kikorea, bonyeza alama ya maikrofoni, na useme sentensi zako. Simu ikiandika 생선 uliposema 생선, matamshi yanaelekea pazuri. Ikiandika kitu kingine, rudi kwenye sauti ya kitabu. Jirekodi pia na ujilinganishe na msemaji wa kitabu, sentensi moja moja. Siku ya sita fanya mazoezi ya kitabu na usahihishe kwa majibu ya nyuma. Ya saba pumzika, au urudie somo la wiki mbili zilizopita.

Sarufi kwa jicho la Kiswahili

Kitenzi huja mwisho. Kiima, shamirisho, kitenzi. Unazoea baada ya masomo machache, mradi usitafsiri kutoka Kiingereza.

Kitenzi cha Kikorea hakitaji nafsi. 먹었어요 inaweza kuwa nilikula, ulikula au walikula, na muktadha ndio unaoamua. Sisi tumezoea kumbeba mtendaji ndani ya kitenzi, ni-, u-, a-, kwa hiyo tukikikosa kiambishi hicho tunajaza pengo kwa 저는, "mimi", mwanzoni mwa kila sentensi. Ni kosa linalomtambulisha mgeni. Kama ni wazi nani anazungumziwa, acha kumtaja.

Wakati, hali na heshima vyote hubandikwa nyuma ya shina, mithili ya viambishi tamati vyetu. 가다, kwenda: 가요, naenda, 갔어요, nilienda, 갈 거예요, nitaenda. Mbele ya safari utakutana na jambo litakalokufurahisha: 먹다 ni kula na 먹이다 ni kulisha, 보다 ni kuona na 보이다 ni kuonekana. Aliyesoma vinyambuo vya vitenzi katika Kiswahili cha sekondari atakuwa nyumbani.

있어요 na 없어요 ni mfano mwingine. Kitabu kitasema neno moja lina maana mbili, kuwepo na kumiliki, kana kwamba ni ajabu. Kuna maji, nina maji: -na ni ile ile. 물이 있어요 ni yote mawili, na 물이 없어요 ni hakuna maji au sina maji.

Sasa 은/는 na 이/가, viambishi vinavyobandikwa nyuma ya nomino, ambavyo humsumbua kila mwanafunzi. Kwa 은/는 fikiria tunavyotanguliza jambo kisha tukaliongelea: "Samaki, tumeshanunua." 생선은 샀어요. Kwa 이/가 fikiria jibu la swali "nani amekuja?" Mswahili hujibu "Otieno ndiye aliyekuja", na Kikorea hujibu 오티에노가 왔어요. Hiyo "ndiye" haitakupeleka kila mahali, kwani 이/가 pia ni alama ya kawaida ya kiima, lakini itakuvusha kwenye sehemu ambayo Kiingereza hakina neno la kukusaidia.

Furahia pia kwamba hakuna ngeli. Kipo kitu cha kuzilipia: vihesabio. Watu huhesabiwa kwa 명, wanyama kwa 마리, vitabu kwa 권, chupa kwa 병, vitu vya jumla kwa 개. Samaki wawili ni 생선 두 마리. Anza na hivyo vitano.

Namba na saa

Kikorea kina namba za aina mbili, za asili (하나, 둘, 셋) na zenye asili ya Kichina (일, 이, 삼). Nasi tumechanganya vivyo hivyo: moja, mbili na tatu ni za Kibantu, sita, saba na tisa zimetoka kwenye Kiarabu. Tofauti ni kwamba Kikorea kina seti mbili kamili za namba ndogo na kila moja ina kazi yake. Saa, umri na vihesabio hutumia za asili. Dakika, pesa, tarehe na namba za simu hutumia za Kichina. Kwa pesa, zoea kuhesabu kwa 만, elfu kumi: laki moja ni 십만, yaani elfu kumi mara kumi.

Kuhusu umri, vitabu vya zamani hufundisha hesabu ya Kikorea inayokuongezea mwaka. Tangu Juni 2023 sheria ya Korea Kusini imechukua umri wa kimataifa, ingawa mazungumzo ya zamani bado yamo kwenye kurasa.

Kwenye saa, weka Kiswahili kando. Kikorea huhesabu kama Kiingereza, kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. 오후 세 시 ni saa tisa alasiri. Ukiwaza kwa Kiswahili utafika saa sita kabla au baada ya wenzako. Na ndani ya saa hiyo hiyo namba zinachanganyika: 세 시 삼십 분, saa kwa namba ya asili, dakika kwa ya Kichina.

Heshima

Jifunze kwanza vitenzi vinavyoishia kwa 요, ya heshima ya kila siku, halafu 습니다, ya heshima rasmi. Lugha ya rafiki kwa rafiki, isiyo na 요, utaisikia sana kwenye tamthilia, lakini usiitumie kwa mtu usiyemzoea. Mtoto asiyemwamkia mzee hutajwa mtaa mzima huku kwetu, na Korea ni hivyo hivyo. Mtu mzima haitwi kwa jina tupu. Mwanamke mwenye mtoto anayeitwa Minsu huitwa 민수 엄마, Mama Minsu, neno kwa neno. Kaka na dada wakubwa wana majina yanayotegemea anayeita: msichana humwita kaka yake 오빠, mvulana humwita 형, dada mkubwa ni 언니 kwa msichana na 누나 kwa mvulana. Mdogo, wa kike au wa kiume, ni 동생.

Maneno, bando na stima

Kata kadi za manila. Mbele andika sentensi fupi kwa Hangul, nyuma maana yake kwa Kiswahili. Maneno kumi kwa siku yanatosha, hamsini utayapoteza. Programu ya Anki hufanya kazi hiyo kwenye simu na hukukumbusha kwa vipindi vinavyorefuka. Kwa kamusi tumia tovuti ya Kikorea ya Naver, ambayo inayo hata ya Kiswahili na Kikorea.

Baada ya miezi mitatu anza kuona ukoo wa maneno. 학교 ni shule, 학생 ni mwanafunzi, 대학 ni chuo kikuu, na 학 ya kusoma imo kwenye yote. Kitabu, katibu na maktaba vinatoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, kwa hiyo uzoefu huo unao. Yaandike maneno ya ukoo mmoja kwenye ukurasa mmoja.

Pakua sauti zote za kitabu siku moja mahali penye waifai, kisha usitegemee bando tena. Weka saa yako ya kusoma asubuhi kabla ya pilikapilika, kwa kuwa stima ya jioni haina ahadi. Matatu ya Kisumu kwenda Kakamega haifai kwa masomo mapya, muziki unameza kila kitu. Inafaa kwa kadi.

Ukimaliza nusu ya kitabu, tafuta Mkorea wa kubadilishana naye lugha kupitia programu za simu za HelloTalk au Tandem. Wako wanaotaka Kiswahili. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni kinakifundisha. Gawaneni muda sawasawa, nusu saa kwa nusu saa. Anayeanza kuzungumzia pesa, achana naye.

Kujipima

Mtihani unaotambulika ni TOPIK. Sehemu ya kwanza, TOPIK I, ina maswali 30 ya kusikiliza kwa dakika 40 na 40 ya kusoma kwa dakika 60, yote ya kuchagua jibu, kwa jumla ya alama 200. Alama 80 zinakupa ngazi ya kwanza na 140 ngazi ya pili. Hakuna kuandika insha. Hiyo huja TOPIK II, yenye ngazi ya tatu hadi ya sita. Matokeo hutumika kwa miaka miwili, kwa hiyo usiufanye mapema kama shabaha yako ni udhamini wa masomo wa serikali ya Korea. Tarehe za mtihani na maombi ya udhamini fuatilia kwa ubalozi wa Korea Kusini, Nairobi.

Mitihani iliyopita hupatikana kwenye tovuti ya TOPIK. Ukimaliza robo tatu ya kitabu, chukua mmoja, weka saa mezani, na ukae dakika 100 bila simu. Ukipata chini ya 80, angalia ni kusikiliza au kusoma kulikokuangusha. Kama ni kusikiliza, rudia imla za masomo matano ya mwisho kabla ya kuendelea. Kama ni kusoma, tatizo huwa kasi: soma kwa sauti mazungumzo yote ya nyuma, moja kila asubuhi, huku ukijipima muda. Ukipita 80, malizia kitabu na uagize cha pili cha mfululizo huo huo, kwa sababu maneno yake yamejengwa juu ya yale uliyokwisha kuyaandikia kadi.